Kiganja cha Mwoka Mikate

Mikono ya mwoka mikate huyu ilikuwa balaa, jamani. Alikuwa amekanda unga tangu usichana wake, na donge la unga halipigwi nusunusu. Unalibamiza mpaka chini mezani, la sivyo hewa inabaki ndani na mkate unatoka mashimo matupu.

Alipojiunga na karate, ngumi zilimshinda. Vifundo vya vidole vilimvimba hata akashindwa kushika trei kazini. Mwalimu akamwambia aachane nazo, apige kwa mkono wazi: kitako cha kiganja kidevuni, ukingo wa kiganja shingoni. Hapo ndipo mambo yakanoga.

Tatizo lilikuwa moja. Pale mazoezini pigo lilitakiwa lisimame karibu na ngozi bila kugusa, na mkono wake ulizoea kufika mezani. Kwenye mtihani wa mkanda mweusi akamtandika mwenzake puani, damu chururu. Na mwenzake ni nani? Wifi yake, dada wa mumewe, yuleyule aliyemshawishi ajiunge.

"Yameisha, wifi," wifi alisema. Yameisha wapi! Tangu siku hiyo mwoka mikate akinyanyua mkono, hata kuchukua chumvi tu jikoni, wifi alifumba macho. Hilo lilimuuma kuliko kukosa mkanda.

Akaanza kujinoa kazini. Alitundika karatasi ya kufungia mikate, akajipaka unga kiganjani, akapiga. Karatasi ikipata alama nyeupe, amegusa. Msimamizi akazikuta karatasi zimejaa alama za viganja.

"Dada, umegombana na karatasi?"

"Nagombana na mkono wangu, bosi."

"Basi usiuumize, tuna oda kesho."

Alama zikapungua, zikaisha. Mtihani ukafika tena, mwalimu akauliza nani atasimama mbele ya mwoka mikate. Kila mtu aliipenda pua yake. Ndipo wifi akainuka.

"Wifi, si lazima wewe," mwoka mikate alinong'ona.

"Piga bwana. Ukinitoa damu tena, utanipikia mpaka nizeeke."

Akapiga kwa nguvu zake zote. Kiganja kikasimama mbele ya pua, karibu hivi kwamba wifi alisikia harufu ya hamira.

Mwalimu alikuwa anasema kitu, lakini mwoka mikate hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama wifi yake machoni. Yalikuwa wazi, hayakupepesa. Akaangua kilio palepale, mkono ungali hewani.