Orodha Niliyoifunga Mno

Mwaka tuliokwama Walikale, barabara ya kurudi Masisi ikiwa imefungwa na vita, mimi nilikuwa naogopa mashine ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuiona.

Katika simu yangu nilitunza orodha ya familia tulizokimbia nazo kutoka kambi ya Lushebere, na mahali kila moja ilipojificha. Watu waliniletea habari hizo kwa sababu nilijua kufunga faili isisomwe na mwingine. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma makala nilizopakua siku rezo, yaani mtandao, ilipopatikana. Wenye silaha wangeipata orodha ile, wangejua pa kuwafuata watu. Nakala moja, ikiwa imefungwa, nilimtumia binamu yangu Goma.

Kisha nikasoma kwamba kufuli nililotumia linategemea hesabu moja: kuzidisha namba mbili kubwa ni rahisi, kuzitenganisha tena ni kazi isiyokwisha. Kompyuta za kwanta, ndizo mashine nilizoziogopa, bado zinakosea sana, lakini wataalamu wanazidi kujua namna ya kuyasahihisha makosa yake, na siku moja zitaimaliza kazi hiyo. Wapo wanaokusanya siri za leo wakiisubiri siku hiyo. Faili yangu ilikuwa imeshapita hewani, na singeweza kuirudisha.

Nilimweleza Papa mwenye duka, mfanyabiashara wa Butembo aliyeniachia meza na umeme wa jua nichajie simu za watu.

"Hiyo mashini iko wapi?" akauliza.

"Inje ya inchi, Papa. Inakaa mu baridi kali sana."

"Basi tuliza roho. Ikipita hii barabara yetu, itakwama mu matope sawa kamio yangu ya mizigo."

Sikutulia. Kulikuwa na kufuli jipya, lililojaribiwa na wataalamu kwa miaka, linalotegemea fumbo jingine: kutafuta nukta iliyo karibu zaidi ndani ya wavu wenye pande nyingi kuliko akili inavyoweza kuchora. Nikaifunga orodha upya kwa kufuli hilo, nikafuta ya zamani, nikamwambia binamu afute yake. Ufunguo nikaulinda kwa neno la siri refu: vituo vyote tulivyopumzika njiani tukitembea kutoka Lushebere, kwa mpangilio. Nilivipanga na kuvipangua siku nzima, maana nilitaka viwe sahihi kabisa. Sikuliandika popote. Nakiri kwamba nilijisifu.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja tuliyetembea naye. Binti yake alimpotea katika mbio zile. Kesho yake asubuhi makundi mawili ya watu yangeondoka kwa miguu, moja kwenda Itebero, jingine Omate, na yeye hakujua afuate lipi.

"Dada, uniambie tu mutoto wangu iko wapi."

Nilikumbuka kuliandika jina la binti. Mahali sikukumbuka, hilo nililiachia simu. Nikaandika neno la siri. Likakataa. Nikalijaribu tena, mara nne.

"Rezo iko mubaya," nikamdanganya.

"Rezo gani?" Papa akasema kutoka nyuma ya magunia ya chumvi. "Wewe mwenyewe ulinifundisha hii kitu haiombe rezo."

Ikabidi niseme ukweli, mbele ya wateja wote: neno la siri ni vituo vya njiani, na kimoja kimenipotea. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye gunia, akasema, "Taja hizo fasi. Na mimi nilipita mule."

Nikavitaja kimoja kimoja kwa sauti: kisima, kanisa la bati, daraja la miti, soko lililoungua.

"Umeruka kwa migomba."

"Migomba gani, Mama?"

"Pale ulikaa chini ukasema hautembee tena. Tulikubeba mugongoni, zamu kwa zamu. Ao umesahau?"

Watu wakacheka. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekiacha kituo kile kwa aibu, kisha kabla ya kufunga faili nikakirudisha, maana mpangilio wenye uongo ulinikera. Halafu nikajitahidi nisikifikirie tena, hata nikasahau kwamba nilikirudisha. Nikaandika *migomba* baada ya daraja. Orodha ikafunguka.

"Itebero," nikasoma. "Kwa wifi yako."

Mama akafumba macho kidogo, akakaza kitenge chake. "Niandike na mimi. Andika mama yake iko njiani."

Aliondoka asubuhi na kundi la Itebero. Mimi nilibaki na orodha ambayo duka zima lilikuwa limelisikia neno lake la siri. Nikatunga jipya, kisha nikamwomba Papa alijifunze kwa moyo, ili nikilisahau tena awepo wa kunikumbusha. Alikosea mara tatu, nikamsahihisha kila mara kwa ukali usiostahili, mpaka akalipata. Tukakubaliana kwamba mmoja wetu akitaka kutoka Walikale, kwanza atamwambia mwenzake. Hakuna kati yetu aliyekuwa na njia ya kurudi kwao, lakini tulikubaliana.