Alichokirudisha Machozi

Ati yaliyopita si ndwele! Wanaosema hivyo hawajawahi kuchekwa na darasa zima. Machozi alichekwa, na hakusahau ng'o.

Jina lenyewe alibandikwa siku hiyo. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, ameandika insha juu ya kifo cha mama yake, akaiacha juu ya dawati akaenda kunywa maji. Kurudi, akamkuta Bingwa amepanda juu ya kiti, anaisoma kwa sauti ya kulialia, na watu wanashika mbavu. Na huyo Bingwa si mtu baki, jamani! Ni mtoto wa mama mdogo, yule yule aliyemchukua Machozi alipofiwa akamlea kama wake. Wamekula sahani moja. Machozi hakumsemea nyumbani. Alimngoja.

Bingwa kazi yake kujishaua, mitihani ikampiga mweleka. Akarudia mwaka, akarudia tena. Machozi huyo, yuko mwaka wa tatu, tena ni mlezi wa uandishi, mmoja wa wanafunzi wakubwa wanaokaa na wale wapya wakiandika insha zao. Kazi hiyo ina miiko. Mlezi hashiki kalamu. Mwanafunzi anasoma kwa sauti, mlezi anasikiliza, kisha anamrudishia kwa maneno yake alichosikia. Mwandishi akiona kinachorudi sicho alichokusudia, anajua mwenyewe pa kurekebisha.

Sasa nani akaingia chumba cha walezi, kichwa chini? Bingwa.

"Dada yangu, nimepangiwa kwako. Nikianguka safari hii wananifukuza."

"Kaa. Soma."

Swali liliuliza kama ni haki wanafunzi wapya walazimishwe kuishi bwenini, nao watoe hoja. Bingwa akasoma kurasa nzima za maji baridi, godoro lenye shimo na jirani anayekoroma. Hoja hakuna hata ya dawa. Machozi aliliona hilo mapema, na moyo ukamruka kwa furaha. Akakunja mikono, akamrudishia si alichosikia, bali kile swali lilichotaka.

"Nimesikia ukisema kulazimishwa si haki, maana kila mtu ana hali yake nyumbani. Halafu ukawajibu wanaosema bweni linajenga nidhamu."

Uso wa Bingwa ukang'aa. "Yote hayo nimeyasema?"

"Wewe tena!"

Bingwa akaipeleka insha vile vile, akaanguka. Siku matokeo yalipotoka alimfuata Machozi chumbani kwa walezi.

"Mwalimu anasema sikugusa swali. Ulijua?"

"Nilijua. Si ulikuwa unapenda kusoma kwa sauti?"

Bingwa akachukua insha yake, akaondoka. Machozi akacheka peke yake. Utamu ulioje! Na bado, maana alijua Bingwa atakwenda kumshtaki kwa mama yake. Hicho ndicho alichokitaka. Hapo Machozi naye atayamwaga yote, insha, kiti, vicheko, mama mdogo asikie amezaa mtu wa aina gani.

Mwisho wa wiki akaenda nyumbani, maneno ameyanoa. Mama mdogo alikuwa anakunja nguo, macho yamemvimba. Bingwa alikaa pembeni akipiga pasi. Mama mdogo akamshika Machozi mikono yote miwili.

"Mwanangu, asante. Ameniambia. Amesema umehangaika naye mpaka ukachoka, kichwa chake ndicho kigumu."

Machozi akamtazama Bingwa. Bingwa akageuza shati, akaendelea na pasi, wala hakuinua macho.

"Bora ulikuwepo wewe," mama mdogo akasema, akaanza kulia tena.

Machozi angeanzia wapi kuyasema yale maneno aliyoyanoa, na mikono yake imeshikwa hivyo? Akaitikia, "Usijali, mama," na pale pale akamchukia Bingwa kuliko siku zote, maana sasa hakuwa na pa kuipeleka chuki hiyo.