Safari ya Mwanza Kutafuta Jina la Mtoto

Ndugu wasomaji, mtanivumilia kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la nne, na mkono wangu ni mzito.

Nilitumwa Mwanza kwa sababu ya mtoto mchanga wa kaka yangu. Alilia kutwa na kukataa kunyonya. Mganga akasema anataka jina la babu aliyefia vitani. Lakini kaka za Bibi waliochukuliwa na Mjerumani kubeba mizigo walikuwa wawili, Masanja na Shija, na hakuna aliyerudi. Kwetu mtoto akisumbuka hivyo hupewa jina la marehemu. Ukimpa jina la aliye hai, umemchimbia mwenzako kaburi. Baba alikuwa amesikia kwamba karibu na stesheni ya Mwanza anakaa mzee aliyekuwa mpagazi wa vita ile. Nikamuulize yeye.

Asubuhi nilipanda garimoshi pale kwetu Fela, daraja la tatu. Abiria walibishana juu ya bei ya pamba na uhuru. Mimi nilitazama mawe makubwa mpaka ziwa likaonekana.

Pale stesheni kuli mmoja alinitazama miguu yenye vumbi akacheka. "Unamtaka Mzee Ramadhani, mnyapara wa reli? Nyumba ile yenye baraza, bwana mdogo. Ukitoka salama uniambie."

Mzee alikuwa barazani na kahawa yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nilisema mimi ni mjukuu wa Bibi Kabula wa Fela, nikaeleza habari ya mtoto. Aliweka kikombe chini. Alianza kunieleza mji.

"Mji huu umejengwa na vita na reli. Mjerumani alikaa bomani, Mwingereza akamwondoa. Sisi tulikuwa mbali na mizigo kichwani. Vita ilipokwisha, nikalaza mataruma ya reli kutoka Tabora kuja huku. Pamba ikafuata, na maduka, na watu wa kila kabila."

Mkewe, Mama Zuhura, akasema kutoka ndani, "Mwambie mtoto wa watu ulivyopita Fela."

"Nilifunga kitambaa usoni," mzee akasema. "Wasinijue."

Nilichelewa kuelewa. "Wewe ni Babu Masanja, au Babu Shija?"

"Nilikuwa Masanja, kabla sijasilimu. Shija alikufa kwa homa njiani, tukamfunika kwa mawe. Ningemwambia nini mama yangu?"

"Mama yako alishafariki, Babu. Anayeuliza sasa ni Bibi."

"Mume wangu hakumwogopa Mzungu wa reli," Mama Zuhura akasema. "Anamwogopa dada yake."

Kesho yake tulirudi pamoja.

Fela tulimkuta Bibi uani akipepeta mtama. Aliweka ungo chini, akamtazama Babu. Hakulia.

"Masanja," akasema. "Shija yuko wapi?"

Babu alinyoosha mikono, shemeji akampa mtoto.

"Huyu hapa."

Jioni ile mtoto, sasa Shija, alinyonya. Sisemi ni kwa ajili ya jina. Huenda alichoka kulia. Nilichojifunza ni kwamba reli ilipita karibu nasi miaka yote hiyo, na hakuna aliyefikiri kumtafuta mtu wetu kule mwisho wa reli.

Ninyi ambao ndugu zenu walibeba mizigo ile, niandikieni walipolala. Bibi anataka kujua wenzake Shija wako wapi, na nitamsomea, ingawa polepole.