Chungu Kilichosuguliwa kwa Sabuni

Kimea cha ulezi kikianikwa kina harufu yake, tamu kidogo, kali kidogo, na kama hujalelewa nayo utakunja pua. Mimi nimelelewa nayo. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Hanga, Bibi aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, kisha akauanika mkekani, na sisi wajukuu kazi yetu ikawa kufukuza kuku. Mwaka ule tuliwafukuza kwa bidii kweli, maana pombe ile, ugimbi kama tunavyoiita, haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya kumaliza matanga ya Babu. Ukoo mzima ungekuja, na ugimbi wa mjane ungemwagwa kidogo chini kabla ya mtu yeyote kuonja. Ukigoma kuchachuka, kwetu hawasemi pombe imegoma. Wanasema marehemu amekataa, na mjane anaanza kuangaliwa kwa jicho jingine.

Bibi alipikia chungu kimoja kikubwa, cheusi, alichorithi kwa mama mkwe wake. Ndani kilikuwa na utando uliokauka wa pombe zilizopita, ambao ndio uliokuwa chachu yake, na amri ilikuwa moja tu: kisuuzwe kwa maji, basi. Sasa akaja Shangazi Stela, binti yake aliyeolewa Bombambili. Jamani, shangazi yule na usafi! Hata paka alikuwa akimwona anahama jikoni. Masikini, alitaka kusaidia. Akakisugua chungu kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka kikang'aa, halafu akamwita mama yake aje aone. Bibi alichungulia ndani, akakaa chini palepale uani.

"Stela, mwanangu, umeniua," alisema.

Hakukuwa na la kufanya ila kuendelea. Uji ukapikwa, ukapozwa, ukachanganywa na kimea, ukamiminwa. Siku zote, kesho yake ukitega sikio ungesikia chungu kikinong'ona na kutokota bila moto. Safari hii kimya. Tulitega masikio kwa zamu, kimya. Mdogo wake Babu, ambaye tangu mazishini alikuwa akilitolea macho shamba la Bibi, alipita akachungulia na kusema kwa sauti, makusudi kabisa, "Tutaona kaka anasemaje." Niliogopa. Hata mimi mtoto nilielewa kwamba Bibi angeweza kufukuzwa kwa sababu ya chungu.

Ndipo Bibi akachukua kata yake ya kuchotea pombe, akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Thekla, jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Walikuwa hawasalimiani hata kanisani. Bibi alipiga magoti mlangoni, mtu mzima mbele ya mtu mdogo kwake kwa umri, akanyoosha kata. Mama Thekla alimwacha pale kwa muda. Nilimchukia mama yule, nilimchukia sana. Kisha akaipokea kata, akaingia ndani, akairudisha imejaa machicha yenye povu.

"Inuka, mama," alisema. "Nilipoolewa nilianzia chachu yako. Chukua."

Kesho yake chungu kilinong'ona. Matanga yakaisha, na mdogo wake Babu akanywa kama wengine.

Leo Deo, mtoto wa Shangazi Stela, anatengeneza bia mjini Songea, katika mapipa ya chuma yanayong'aa ambayo mama yake angeyapenda sana. Anatumia kimea cha ulezi, lakini chachu ni ya pakiti. Watu wanaisifu. Yeye haimtoshi. Alikuja kuniomba chungu cha Bibi, nilichokitunza miaka yote hii kikiwa kikavu. Tukapika kama Bibi alivyopika. Tukatega masikio. Kimya.

"Dada, twende kwa jirani basi," Deo akasema.

Tulikwenda kijijini kwa gari, kata ya Bibi ikiwa mapajani mwangu. Mkwe wa Mama Thekla alitupokea vizuri sana, akatukaribisha viti. Chungu chao kilikuwepo uani, kimepandwa maua. Tulipiga hodi nyumba zilizofuata: ndoo za plastiki, hamira ya dukani, karibuni chai. Hakuna aliyetukunjia uso, hakuna aliyetuacha tumesimama mlangoni. Bibi alikuwa na mgomvi wake wa kumpigia magoti. Sisi tulikaribishwa kila nyumba, na kata ikarudi Songea tupu.