Mstari wa Shangazi

Wiki jana nilipita kwenye uwanja wa shule ya msingi, nje kidogo ya Rongo, nikakuta watu wamepanga mistari nyuma ya wagombea wa tikiti ya chama. Harufu ya miwa iliyochomwa ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Siku hiyo shangazi yangu Akinyi aliwania kuwa mwakilishi wa wadi yetu. Mstari wake ulifika hadi vyooni. Wa mpinzani wake, mwenye duka la simiti, uliishia langoni. Msimamizi wa chama aliitazama yote miwili, akakunja mwavuli.

"Majibu yatatoka mjini," akasema.

"Kwani mjini wanatuona?" mama mmoja akauliza, watu wakacheka. Mimi niliamini kweli kuna mtu huko anayeona mbali.

Kwetu ukipata tikiti ya chama umeshashinda wadi, kwa hiyo shangazi alichinja kuku.

"Leta viti, nyathina, mwanangu," aliniambia. "Wageni wanakuja."

Jua lilipozama nilisikia vigelegele barabarani, nikakimbia kufungua lango. Vilipita. Walikuwa wanawake wa mstari wetu wakielekea kwa mwenye duka, ambaye mjini walikuwa wamempa tikiti, na aliyewaongoza ni mama yangu. Nilidhani wamepotea njia.

"Mama, ni huku!"

Hakugeuka.

Leo najua basari za wadi hupitia mikononi mwa nani. Zilinisomesha hadi chuo kikuu, na shangazi hajawahi kuniuliza nilisomea nini.