Gauni la Kaki la Kwenda Hifadhini

Fundi cherehani mmoja aliolewa na askari wa wanyamapori, na ujana wake wote aliuishi kwa kusubiri likizo za mumewe. Mwanamume alikuja, akapaka ukuta rangi, akawabeba watoto mabegani, kisha huyoo, akarudi hifadhini, mbali kule ambako simu haikushika mtandao. Ukimuuliza habari za huko, jibu lilikuwa lile lile: "Pori tu, mke wangu. Pori na vumbi."

Alipostaafu, mkewe alimwacha apumzike kwanza. Asubuhi moja, huku akitia uzi kwenye sindano, akasema, "Baba watoto, nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Hifadhini kwako."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Tembo si unawaona kwenye televisheni?"

"Nani kataja tembo? Mimi nataka kuona ulikokuwa unalala."

Kicheko kikamkatika. Alishika kikombe cha chai asinywe. Jioni akampigia simu mkwe wao, mwenye gari linalohimili njia mbovu.

Basi maandalizi yakaanza, na mzee aliyekuwa akishinda kitini, akihama na kivuli, akawa anatoa amri kama yuko kazini. Wasubiri mvua zikatike, maana mto wa njiani hauna daraja. Maji yakijaa, utalala ng'ambo. Matairi ya akiba yasikose. Mafuta wabebe kwenye madumu, kwani kituo cha mwisho kiko mbali mno na lango. Maji ya kunywa, hema, tochi, dawa ya malaria.

Mke naye akapakia mito, chupa ya chai, sufuria za kulisha kijiji, na gauni lake zuri la buluu. Mzee akalichomoa.

"Hili libaki. Mbung'o, wale inzi wa pori wanaouma, wakiona buluu watakuandama kama wachumba."

"Afadhali wao! Wewe mara ya mwisho kuniandama lini?"

Hata hivyo alikaa kwenye cherehani, akajishonea gauni la kaki. Binti yao alipomwona nalo aliangua kicheko: "Mama, umeajiriwa lini?"

Mkwe aliwaendesha, wakafika migongo ikiwauma. Askari aliyerithi kile chumba aliwafungulia mlango, akawapisha. Kulikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, na msumari wa kutundikia koti. Dirishani, nyasi hadi macho yanapokomea.

Mwanamke alikaa kitandani, akapapasa godoro.

"Jioni ulikuwa unafanya nini humu?"

Mzee alitaka kujibu kama siku zote, akaghairi. Akaketi kando yake, akaanza kusimulia: mwenzake aliyeshikwa na homa wakati mvua zimefunga njia, wakamuuguza kwa zamu, fisi aliyeiba kiatu kimoja na kuacha cha pili, nyimbo za kuwabembeleza wanawe, alizoziimba peke yake, watoto wenyewe wako nyumbani.

Nje, mkwe aliita tena kwamba hema limeshasimama.

"Tunakuja," mke alijibu, wala hakuinuka.