Njia ya Jumapili ya Mama Nyooka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na siku sita za wiki mgongo wake umepinda kama ndoano. Mtaani wanamwita Mama Nyooka. Hilo ndilo neno analotuambia sisi tunaoshona naye kila akituona tumelala juu ya mashine: "Nyooka! Kitambaa hakina haja ya kunuswa."

"Wiki nzima nimeinama," husema. "Jumapili nanyooka, mtu apende asipende."

Basi Jumapili tunapanda basi mpaka kituo cha mwisho, nyuma ya tangi la maji, na kutoka pale tunatembea. Njia inapita chini ya mikaratusi, inavuka kijito juu ya mbao mbili, kisha inapanda taratibu hadi kwenye mwamba ambako unauona mji wote umenyamaza. Siyo safari ya mashujaa. Hata mwenye magoti mabovu anafika, kawia ufike. Kila njia panda, Shangazi hufunga masalio ya kitambaa kwenye tawi la kulia, yawe ya shati la shule au ya bitana, ili mgeni asipotee.

Jumapili moja tulivuka kijito tukakuta uzio wa waya. Ng'ambo yake walikuwa wanajenga nyumba za kuuza, na masalio yetu yalikuwa yametupwa chini kama takataka. Mlinzi alikaa juu ya ndoo. Meneja wa nyumba hizo akaja, viatu vinang'aa.

"Mama, hapa hapakuwa na njia," akasema. "Ni majani tu."

Nikamwambia macho yake ni ya pambo. Ningeendelea, maana nilikuwa na mengine mabaya zaidi, lakini Shangazi alinishika mkono. Alikuwa anautazama uzio, kutoka nguzo hadi nguzo, kama anavyomtazama mteja mnene aliyeleta kitambaa kifupi.

Ardhi ilikuwa imenunuliwa, karatasi zote halali. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, akaja chumba cha ushonaji kumtuliza. "Dada, mwenye nguvu mpishe. Kwani barabarani hakutembeleki?"

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Nimempisha. Sasa namzunguka."

Na kweli, Jumapili iliyofuata alikuja na panga. Tukafuata uzio kwa nje, kwenye miiba, kwenye mawe, kwenye tope. Ilikuwa balaa. Mwenzetu anayeshona vifungo alichanika sketi akaapa harudi tena, na hakurudi hadi kiangazi. Mimi nilinung'unika njia nzima. Nilitaka tuung'oe ule uzio, tusiuzunguke kama mbuzi wanaotafuta mlango.

"Ukiung'oa watajenga ukuta," Shangazi akanijibu, huku anafyeka. "Maji nimeyavulia nguo, acha niyaoge."

Mlinzi alicheka kutoka ndani. "Mama, utachoka!"

"Afadhali nichoke kwa kutembea kuliko kwa kukaa. Nyooka, mwanangu! Unakaaje hivyo?"

Nikamwona yule mlinzi ananyooka juu ya ndoo yake.

Tulikwenda kwa mvua, tukaenda kwa jua. Majani yakalala, kisha yakafa, na ardhi ikatokeza. Masalio yakarudi kwenye matawi, safari hii nje ya uzio, na watu wasiotujua wakaanza kuyafuata: muuguzi anayetoka zamu, mwalimu na mumewe wasiozungumza njiani lakini wakirudi wanacheka. Ndani, nyumba zikaisha na watu wakahamia. Walikaa kwenye vibaraza vyao na chai, wakitutazama tunavyopita.

Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea hadi kwenye waya. "Shikamoo mama. Kila Jumapili mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Tunakwenda kunyooka."

"Tunaweza kuja?"

"Karibuni sana. Piteni getini kwenu, mzunguke barabara kuu, mtukute kituo cha mwisho."

Walijaribu. Walifika wamelowa jasho, kilima wanachokiona dirishani kimewagharimu nusu ya asubuhi. Wakamgeukia meneja. Wakamuuliza kwa nini amewauzia mandhari ya kutazama kupitia waya kama wafungwa. Sikuwepo, lakini mlinzi alitusimulia kwa raha zote, amesimama wima.

Meneja akakata uzio, akaweka kigeti palepale njia ya zamani ilipopita. Akaandaa na sherehe: viti, soda, utepe mwekundu, na Shangazi ndiye wa kuukata. Nilimsihi asiende. Ningekuwa mimi, ningemwacha asimame na utepe wake mpaka upauke. Shangazi alikwenda, na viatu vyake vya kutembelea na tepu ya kupimia shingoni.

"Leo," meneja akasema, "tunafungua njia mpya."

Mpya!

Akampa Shangazi mkasi. Shangazi akapitisha kidole gumba kwenye makali, akamrudishia. "Ni butu. Halafu mimi sikati kitambaa kizima kisicho na kosa."

Akainama kwenye fundo la kwanza, akalifungua kwa kucha kama anavyofumua mshono uliokosewa, bila haraka, watu wote wamesimama wanamngoja. Akaenda la pili. Akauviringa utepe kiganjani, akapita kigetini bila kusema asante, nasi nyuma yake, hadi njia panda walipotupa masalio yetu. Akaufunga kwenye tawi la kulia, akavuta kuona kama umeshika.

Meneja alikuwa ametufuata, viatu vyake vyote vumbi, mabega yamemwanguka.

"Njia hii uliikuta," Shangazi akamwambia. "Na wewe nyooka, mwanangu. Juu bado mbali."